Je, Msimulizi Anyamaze? Kuonyesha na Kueleza katika Riwaya ya Kiswahili

Miongoni mwa mashtaka ambayo riwaya ya Kiswahili imefunguliwa na wahakiki wake, pengine hakuna lililodumu kuliko lile linalodai kuwa mwandishi "anaeleza mno". Shtaka hili hutolewa kwa maneno mbalimbali. Mara mwandishi huambiwa kwamba anahubiri, mara kwamba anaingilia kati, mara kwamba hawaachii wahusika wake nafasi ya kujisemea. Lakini chini ya maneno haya yote mna kanuni moja, nayo ni kuwa mwandishi bora huonyesha na mwandishi dhaifu hueleza. Makala haya yanakusudia kuichunguza kanuni hiyo kwa kurejelea riwaya chache zinazojulikana vyema na wasomaji wetu. Hatudai kuwa kanuni yenyewe ni ya uongo. Tunadai kuwa imeshikiliwa kwa upande usiofaa. Swali ambalo mhakiki anapaswa kuuliza mbele ya riwaya ya Kiswahili si kama jambo limeonyeshwa au limeelezwa, bali ni nani anayelieleza, anamweleza nani, na anazuia nini anapoeleza.

Tuanze na maana. Tukisema kwamba bwana fulani ni bahili, tumeeleza. Tukimsawiri akihesabu njiti za kibiriti kabla ya kulala, tumeonyesha. Katika hali ya kwanza msimulizi amekwisha kuhukumu na msomaji hupokea hukumu. Katika hali ya pili msomaji hupewa ushahidi na kuachiwa kazi ya hakimu. Kwa hiyo kuonyesha hutegemea tendo, mazungumzo na mandhari, ilhali kueleza hutegemea sauti ya msimulizi anayefupisha, anayefasiri na anayetoa maoni. Mpaka kati ya njia hizi mbili si wa ukuta. Hata yule anayehesabu njiti za kibiriti amechaguliwa na mtu, na kuchagua ni namna ya kusema.

Asili ya kanuni

Ni vyema kukumbuka kwamba utengano huu ni wa kale. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anatofautisha mtunzi anayesema kwa sauti yake mwenyewe na mtunzi anayejifanya kuwa mtu mwingine na kusema kwa kinywa chake. Wanaoipenda kanuni ya kuonyesha hawana mazoea ya kutaja kwamba Plato aliishuku njia ya pili kuliko ya kwanza. Kwake, hatari ilikuwa katika kuigiza. Mizani ilipinduliwa baadaye sana, hasa kutokana na maandishi ya Henry James na mfuasi wake Percy Lubbock, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1921 alishikilia kuwa sanaa ya riwaya huanza pale mwandishi anapoiona hadithi yake kuwa kitu cha kuonyeshwa. Mwaka 1961 Wayne Booth aliijibu hoja hiyo kwa urefu, akidhihirisha kuwa mwandishi hawezi kutoweka kamwe; anaweza tu kuchagua vazi la kujifichia. Naye Gérard Genette, mwaka 1972, alikwenda mbali zaidi na kusema kuwa maneno hayaonyeshi chochote isipokuwa maneno mengine. Kinachoitwa kuonyesha ni kiinimacho kinachotokana na wingi wa maelezo madogo madogo na uchache wa alama za msimulizi.

Jambo la kushangaza ni kwamba kanuni hii ilipokuwa imekwisha kutiliwa shaka huko ilikotoka, sisi ndio kwanza tulikuwa tukiipokea madarasani. Tuliipokea ikiwa imekatwa mkia na kichwa, ikiwa amri ya maneno mawili tu: onyesha, usieleze. Hivyo ndivyo ilivyoingia katika mihadhara, katika maoni ya wasomaji wa miswada, na katika kalamu nyekundu ya mwalimu anayesahihisha insha ya kubuni. Mwandishi wa makala haya ameitumia kalamu hiyo kwa miaka mingi.

Pana jambo la lugha ambalo wapokeaji wa kanuni hawakulizingatia. Neno la Kiingereza ambalo sisi hulitafsiri kuwa "kueleza" ni moja, lakini Kiswahili kina maneno mengi yanayogawana uwanja wake: kusema, kuambia, kueleza, kusimulia, kuhadithia, kutamba. Kila moja lina mahali pake. Tuchukue "kuambia". Ni kauli ya kutendea ya kitenzi cha kale "kuamba", chenye maana ya kusema, na kwa sababu hiyo hakiwezi kusimama bila mtu wa kuambiwa. Husemi "aliambia" ukanyamaza, atatokea mtu wa kukuuliza, "Alimwambia nani?" Sarufi yenyewe inadai msikilizaji. Basi anayeingia katika lugha hii na amri kwamba msimulizi asieleze anamwondoa mtu mmoja na bila kujua anawaondoa wawili, yaani msemaji na mwambiwa.

Kima juu ya mkuyu

Ushahidi wa kwanza tunautoa katika ngano. Kisa cha Punda wa Dobi, kilichochapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, kinafahamika kwa kila aliyepitia shule za Afrika Mashariki, na ukoo wake unafika hadi India kupitia Kalila na Dimna. Papa anamchukua kima mgongoni kwenda naye baharini, kisha katikati ya safari anamfichulia kwamba moyo wake unahitajiwa uwe dawa ya sultani wao. Kima anamdanganya kuwa mioyo yao huachwa mitini. Wanarudi, kima anapanda juu, naye papa anapomwita ashuke, kima anamuuliza kama amemfanya yeye kuwa punda wa dobi. Papa haelewi. Ndipo kima anapomsimulia habari za punda aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akashawishika kurudi kwa simba yule yule, akauawa.

Hebu tuitumie kanuni. Kisa cha ndani, kile cha punda, kinaelezwa na mhusika kuanzia mwanzo hadi mwisho na kinabeba fundisho waziwazi. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angelikata. Lakini kukikata ni kuua hadithi nzima, kwa kuwa maelezo ya kima ndiyo tendo lake. Yuko juu ya mti, mwuaji wake yuko majini, na kati yao pana urefu wa shina la mkuyu. Kusimulia ndiyo njia yake ya kutoshuka. Msikilizaji wa ngano hii anamwona kima kwa ukamilifu zaidi anapoeleza kuliko anapotupa matunda, kwani ni hapo tu tunapojua kuwa ameokoka na anajua kwamba ameokoka. Nani anaeleza? Mnyonge aliyeponea. Anamweleza nani? Aliyetaka kumwua. Anazuia nini? Moyo wake.

Adili na mijeledi

Shaaban Robert ndiye mshtakiwa mkuu katika kesi hii. Ni desturi kusema kuwa wahusika wake ni majina yaliyovikwa nguo, kwamba majazi yake yanamnyima msomaji taharuki, na kwamba hadithi zake ni mawaidha. Mengi kati ya hayo ni kweli. Tunapokutana na ndugu wawili waitwao Hasidi na Mwivu hatuhitaji kusubiri sura ya tano ili tuwatambue. Hata hivyo, ni wachache waliotazama jinsi Adili na Nduguze (1952) inavyoyapanga maonyesho na maelezo yake, na mpangilio huo una akili kuliko tunavyoukiria.

Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika Janibu kwa shughuli ya kodi na kukaribishwa na liwali wake, Adili. Usiku anashuhudia jambo la kutisha: mwenyeji wake mpole anawapiga mijeledi manyani wawili waliofungwa, kisha anawatendea wema. Hapana maelezo. Ikibali anaona, nasi tunaona pamoja naye. Hili ni onyesho halisi, la aina ambayo Lubbock angeiridhia: tendo, mahali, mtazamaji aliyejificha, na kimya cha msimulizi.

Na onyesho hilo linadanganya. Kila alichokiona Ikibali ni kweli, na picha anayoondoka nayo ni ya uongo, kwa kuwa inamsawiri Adili kuwa katili. Habari inafika kwa mfalme, na Adili anaitwa Ughaibu pamoja na manyani wake ili ajieleze. Sehemu kubwa ya kitabu ni maelezo hayo: jinsi manyani wale walivyokuwa ndugu zake wa tumbo moja, jinsi walivyomhusudu hata wakamtupa baharini pamoja na mchumba wake Mwelekevu, jinsi Huria, jini aliyewahi kumwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka, alivyowageuza kuwa manyani na kumlazimisha awapige kila usiku. Tukilisoma onyesho la mwanzo kwa mara ya pili, mjeledi ule ule una uzito mwingine. Anayeumia zaidi ni anayepiga.

Hapa Shaaban Robert anatoa hoja ambayo kanuni yetu haina namna ya kuijibu. Jicho peke yake halitoshi kutenda haki. Mtu akionekana tu bila kupewa nafasi ya kusema anaweza kuhukumiwa kwa tendo lake lililo dhahiri na asiwe na hatia. Ni kweli kwamba kisa chenyewe hakikuzuka kwake. Muundo wake unatokana na hadithi ya Abdullah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela Ulela, na pengine ndiyo sababu wahakiki walioshughulika na chimbuko hawakushughulika na ufundi. Lakini mwandishi huwajibika kwa alichokichagua kama anavyowajibika kwa alichokibuni. Shaaban Robert alikichagua kisa ambamo kuonyesha kunazua tuhuma na kueleza kunaleta haki, na alikichagua mwaka mmoja tu baada ya kuchapishwa kwa Kusadikika (1951), riwaya iliyojengwa kwa kauli ya mshtakiwa.

Kusadikika inatutaka tuwe waangalifu zaidi. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya sheria, na anajitetea kwa siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, nao waliporejea na habari za manufaa wakaadhibiwa. Wanaosema kuwa huu ni mfululizo wa hotuba wanasahau mahali hotuba zinapotolewa. Karama yuko kizimbani. Akinyamaza, atauawa. Akisema vibaya, vilevile. Kila siku inayokwisha akiwa bado anasema ni siku aliyoinunua kwa maneno. Zaidi ya hayo, waambiwa wake ni wale wale waliotenda maovu anayoyasimulia, na tendo kuu la riwaya, yaani kubadilika kwa baraza, linatukia ndani ya masikio yao wakati yeye anaeleza.

Hata hivyo, hatutaki kumtetea mwandishi kupita kiasi. Msomaji anapofika kwa mjumbe wa tatu amekwisha kujua kitakachompata wa nne. Inawezekana kujibu kuwa marudio haya ni ushahidi, na kwamba mahakama haichoki kwa wingi wa ushahidi. Ni jibu zuri, nami nimelitoa darasani mara nyingi. Lakini mwanafunzi aliyesinzia kwenye safari ya nne naye alikuwa na hoja. Tatizo la sehemu hiyo ni kwamba Karama anaposimulia safari za katikati hazuii kitu. Tofauti na kima, ameshuka mtini.

Zana za lugha

Kabla ya kuingia katika riwaya za baadaye ni vyema tugusie kwa ufupi zana ambazo Kiswahili chenyewe kinampa mwandishi, kwani mjadala wa kuonyesha na kueleza umezoea kuendeshwa kana kwamba lugha zote zimefumwa kwa uzi mmoja.

Mtambaji aliyetoa mwito wa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" hakuwa akieleza tu. Sauti yake ilikuwa ya fisi, kisha ya sungura. Mikono yake ilipima, uso wake ulinuna. Utambaji ulipoingia katika maandishi, sauti na mikono vilibaki nyuma, lakini tanakali za sauti zilivuka. Mtu huanguka majini chubwi, hulala fofofo, hunyamaza jii. Giza huwa tititi na debe hujaa pomoni. Katika vijineno hivi msimulizi anaendelea kueleza na wakati huo huo tukio linasikika. Haviwi ni maelezo matupu wala haviwi ni onyesho kamili. Waandishi wetu wa kisasa wanavionea haya kana kwamba ni nguo za kitoto, na hasara ni yao.

Vivyo hivyo kuhusu viambishi vya wakati. Kiambishi -ka- ni farasi wa msimulizi: akaamka, akanawa, akatoka, na kabla hatujatua amekwisha fika mjini. Kiambishi -ki- humsimamisha msomaji mlangoni ili atazame: tulimkuta akinawa. Mwandishi stadi hubadilisha mwendo kwa silabi moja, bila kuhitaji kutangaza kwamba sasa anaonyesha.

La muhimu zaidi kwa hoja yetu ni maneno mawili madogo, "kumbe" na "eti". Tuchukue sentensi hizi tulizojitungia: "Alisubiri kituoni hadi saa mbili. Kumbe basi lilikwisha pita." Nani amesema "kumbe"? Msimulizi alijua tangu mwanzo kuwa basi limepita, kwa hiyo mshangao si wake. Mhusika naye hakufungua kinywa. Mshangao uko kati yao, na msomaji ameingizwa ndani yake. Kuhusu "eti", tukiandika kwamba eti mume alikuwa safarini, tumetoa habari na kuitilia shaka kwa pumzi moja, na shaka hiyo yaweza kuwa ya mke, ya jirani au ya msimulizi. Kwa hakika hapa ndipo ufundi wa riwaya ya Kiswahili ungefaa kuchunguzwa kwa kina: katika neno linaloeleza lakini halituambii ni la nani.

Mwenye kujieleza

Euphrase Kezilahabi anafikiriwa kuwa ndiye aliyeivusha riwaya kutoka katika maelezo ya Shaaban Robert hadi katika maonyesho ya kihalisia. Kwa kiasi fulani ni kweli. Katika Rosa Mistika (1971) hatuambiwi tu kwamba malezi ya Zakaria ni makali; tunamwona akimpiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, na kila kinachompata Rosa baadaye, shuleni na chuoni, kinarudi kwenye kipigo kile. Lakini riwaya hiyo hiyo inaeleza sana. Miaka ya Rosa nje ya nyumba ya babake inapita kwa muhtasari wa haraka, kwa sauti kavu isiyomwonea huruma wala kumcheka. Ukavu huo ndio unaouma. Laiti kila anguko la Rosa lingeonyeshwa kwa urefu, riwaya ingekuwa ya kusisimua na msomaji angepata anasa ambayo hakustahili. Ni vyema tukakumbuka kuwa kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa madai ya utovu wa adabu. Waliokipiga marufuku walisoma kilichoonyeshwa na hawakusoma kilichonyamaziwa.

Kichwamaji (1974) ni kazi ngumu zaidi na kwa maoni yetu ni kubwa zaidi. Kazimoto anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Ni msomi wa chuo kikuu, ana nadharia kuhusu kila kitu: kuhusu Mungu, kuhusu wanakijiji, kuhusu wanawake, kuhusu maana ya maisha ambayo haioni. Anaeleza bila kukoma. Kwa mujibu wa kanuni, hii ni kasoro tupu. Lakini kadiri anavyoeleza ndivyo anavyoonekana. Anapowadharau wazee wa kijijini, hatujifunzi chochote kuhusu wazee. Tunajifunza urefu wa shimo lililo kati yake na wao. Anapojieleza kwa ufasaha mkubwa kabisa ndipo anapokuwa hajielewi. Maelezo ya Kazimoto ni onyesho la Kazimoto, na anapojiua mwishoni msomaji anatambua kuwa hoja zote zile hazikuwa falsafa, zilikuwa dalili za ugonjwa. Wahakiki waliomtia Kezilahabi mwenyewe katika kinywa cha Kazimoto, wakamlaumu kwa kukata tamaa, walifanya kosa ambalo kanuni ya kuonyesha huwazoesha watu kulifanya: walidhani kila anayeeleza ni mwandishi.

Talaka

Tukitafuta mwandishi aliyebobea katika kuonyesha, tutakwenda kwa Said Ahmed Mohamed, na tutakwenda kwa Utengano (1980). Yeye ni mwandishi wa tamthilia pia, na jicho la jukwaa linadhihirika. Nyumba ya Bwana Maksuudi inajengwa kwa milango na madirisha yaliyofungwa. Hatuhitaji kuelezwa kwamba Maimuna ni mfungwa. Bwana huyu anayeheshimiwa na watu nje ni dhalimu ndani, na tofauti hiyo tunaipata kwa kumfuata akivuka kizingiti chake mwenyewe.

Tukio ambalo hakuna msomaji anayelisahau ni lile la Maksuudi kumpa mkewe Tamima talaka akiwa katika uchungu wa kuzaa. Hutajwa kila mara kuwa mfano wa kuonyesha ukatili badala ya kuueleza. Nami nakubali. Ila tuangalie ukatili huo umetendwa kwa kitu gani. Umetendwa kwa maneno. Talaka hutamkwa, na ikitamkwa imetukia. Maksuudi haelezi kwamba ndoa imevunjika, anaivunja kwa kusema. Katika jamii ambamo sentensi moja humtoa mwanamke nyumbani, dai kuwa matendo ni upande mmoja na maneno ni upande mwingine ni dai la mtu ambaye hajawahi kuambiwa sentensi hiyo. Onyesho kali kuliko yote katika riwaya hii ni mtu anayesema na mtu anayeambiwa.

Tunaona kasoro ya Utengano kwingine, pale msimulizi anapofuata nyuma ya tukio ili kutuhakikishia kwamba tumeliona. Hii ndiyo aina ya kueleza ambayo hatuwezi kuitetea, na haimpati Said Ahmed Mohamed peke yake. Baada ya msomaji kutoa hukumu yake, msimulizi anaitoa tena kwa sauti ya juu zaidi. Hapo hamwambii mtu kitu asichokijua, wala hazuii chochote. Lawama zinazotolewa dhidi ya kueleza kwa ujumla zinamstahili huyu mmoja.

Kalamu nyekundu

Nimalizie kwa jambo linalonihusu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa uandishi wa kubuni aliniletea hadithi fupi. Ilianza kwa kueleza kwamba bibi yake alikuwa mwongo. Kisha mjukuu anatusimulia jinsi bibi alivyokuwa akiwaambia wajukuu kuwa babu yao anafanya kazi bandarini Mombasa na atarudi akipata likizo: mara meli zimekuwa nyingi, mara msimamizi ni mkali, mara amepandishwa cheo na wenye vyeo hawapewi ruhusa. Hapakuwa na mandhari. Hapakuwa na mazungumzo ila hayo ya bibi, tena kwa usemi wa taarifa. Msimulizi hakutuambia lini alijua ukweli. Hakutuambia hata ukweli wenyewe. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza niliandika: "Onyesha, usieleze!" na nikapigia mstari mara mbili.

Alikuwa mwanafunzi mtiifu. Baada ya wiki mbili alirudisha nakala mpya. Sasa palikuwa na jiko la mawe matatu, moshi, mikono ya bibi yenye makunyanzi ikipepeta mchele, mbwa aliyebweka mbali, na mlango uliolia kila upepo ulipovuma. Bibi alitazama barabara, chozi likamdondoka. Kila kitu kilionekana. Uongo wa bibi haukuwamo tena, kwa sababu uongo hauonyeshwi kwa moshi na mchele. Uongo lazima usemwe, na mtu auamini. Mjukuu aliyekuwa akiurudia uongo ule kwa upendo, sentensi baada ya sentensi, akijua na akijifanya hajui, alikuwa amegeuka kuwa kamera.

Niliipa nakala ya pili alama kumi na sita kati ya ishirini na kumpongeza kwa maendeleo. Nakala ya kwanza niliikuta katika jalada mwaka juzi nilipokuwa nikitafuta karatasi nyingine, nikaisoma nikiwa nimesimama. Alama zake ni tisa.